Wakimbizi wa Syria Nchini Jordan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Riziki na Mahitaji ya Msingi

Mafraq ni mji wa kaskazini mwa Jordan, mwendo mfupi kwa gari kutoka mpaka wa Syria. Nilifanya kazi huko tangu katikati ya 2022 hadi mapema 2024, katika mradi wa kusaidia familia za wakimbizi kujipatia kipato. Tangu nirudi Mombasa, maswali ninayoulizwa barazani na kwenye makundi ya WhatsApp ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, na majibu yake ni kama ninavyoyatoa kwa mdomo.

Wako wangapi, na wanaishi wapi?

Kabla ya mwisho wa 2024, Wasyria walioandikishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, nchini Jordan walikuwa zaidi ya 600,000. Serikali ya Jordan hutaja milioni 1.3, kwa sababu inawahesabu pia Wasyria waliokuwa wakiishi huko kabla ya vita vya 2011 na wale ambao hawakujiandikisha. Nchi yenyewe ina watu wapatao milioni 11, na ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa kabisa wa maji duniani.

Wengi wetu tukisikia neno mkimbizi tunaona mahema. Kwa Jordan picha hiyo haifai. Wasyria wanane katika kila kumi wanaishi nje ya kambi, katika nyumba za kupanga Amman, Irbid, Zarqa na Mafraq, na kila mwezi mwenye nyumba anabisha hodi. Anayeishi kambini hana kodi ya kulipa. Kwa anayeishi mjini, kodi ndiyo inayoamua kama watoto watakula nyama mwezi huu au la.

Kambi za Zaatari na Azraq zikoje?

Zaatari ilifunguliwa Julai 2012, karibu na Mafraq, na ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imepokea zaidi ya watu 100,000. Baadaye ikatulia kwenye watu wapatao 80,000 kwa miaka mingi. Wengi wao ni wa Daraa, upande wa pili wa mpaka, na ni wafanyabiashara kwa asili. Hawakungoja ruhusa. Walifungua maduka pembezoni mwa barabara kuu ya kambi, na wakati mmoja maduka na karakana zilikaribia 3,000: nguo za harusi, falafel, mafundi simu, vinyozi, mafundi baiskeli. Barabara hiyo wanaiita Sham Élysées, kwa kuchanganya jina la Sham, nchi yao, na la Champs-Élysées, mtaa maarufu wa Paris.

Azraq, iliyofunguliwa Aprili 2014 katikati ya jangwa, ilipangwa mapema kwa mistari iliyonyooka na vibanda vya mabati. Wapangaji waliona Zaatari ina vurugu, wakataka utaratibu, na utaratibu wakaupata. Lakini ukitembea Azraq mchana huoni mtu akiuza kitu kwa urahisi ule wa Zaatari, na vijana wanakwambia wazi kwamba wangependa kuhamia kwenye vurugu.

Chakula wanakipataje? Ni magunia ya unga na maharage?

Hapana. Mgao wa vyakula ulikuwepo mwanzoni, kisha zikaja vocha za karatasi, kisha kadi. Kambini, tangu 2016, mtu anakwenda dukani, anachagua anachotaka, anafika kwa mwenye kaunta na kuangalia kwenye kijimashine kinachosoma mboni ya jicho. Kijimashine kinamtambua, salio lake linakatwa, na risiti inatoka. Mara ya kwanza nilimwona bibi mmoja akivuta ushungi wake nyuma, akainama, akafumbua jicho kwa vidole viwili kwa sababu kope zake zilikuwa zimelegea kwa uzee, na mashine ikakataa mara tatu. Foleni nzima nyuma yake ilinyamaza. Mara ya nne ikakubali. Teknolojia hii inazuia wizi, sikatai, lakini tangu siku ile nasisitiza kwamba kila duka lazima liwe na mtu na njia nyingine kwa ajili ya wazee.

Faida ya fedha badala ya magunia iko wazi. Mama anajua mtoto wake anakula nini. Pia fedha inazunguka kwenye maduka ya hapo hapo, na Mjordan mwenye duka naye anapata.

Fedha hizo zinatosha?

Hazitoshi, na swali hili ndilo ninaloomba msomaji alisome hadi mwisho hata akiyaruka mengine.

Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliishiwa fedha za wahisani na kupunguza msaada kwa theluthi moja kwa familia zinazoishi mijini, na wengine wapatao 50,000 wakatolewa kabisa kwenye orodha. Agosti kambi nazo zikafuata: kutoka dola 32 kwa mtu kwa mwezi hadi dola 21. Ukigawa kwa siku thelathini, ni senti sabini za dola kwa kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha usiku.

Tulikuwa na mama mmoja katika mradi wetu, mjane wa Daraa mwenye watoto wanne. Sisi vijana tulimwita khalto, yaani mama mdogo, kama kila mtu mtaani alivyomwita. Yeye alikuwa akitengeneza makdous. Ni biringanya ndogo ndogo, za urefu wa kidole gumba, zinazochemshwa kidogo, zikapasuliwa ubavuni na kupakwa chumvi ndani, kisha zikakandamizwa chini ya jiwe usiku kucha ili zitoe maji. Kesho yake zinajazwa jozi zilizotwangwa, pilipili nyekundu na kitunguu saumu, zinapangwa ndani ya chupa za vioo na kufunikwa mafuta ya zeituni. Zikikaa wiki kadhaa zinakuwa tayari, na baridi ikiingia kila nyumba inazitaka.

Sasa angalia hesabu yake. Jozi na mafuta ya zeituni ni ghali, na vyote vinanunuliwa Septemba. Mauzo yanakuja Novemba na Desemba. Katikati hapo fedha yake yote iko ndani ya chupa. Mwaka 2022 aliweza kusubiri kwa sababu msaada wa chakula ulikuwa unaingia. Mwaka 2023 msaada ulipopunguzwa, ile akiba ya jozi ikaenda kwa mwenye nyumba Agosti. Septemba ilipofika hakuwa na cha kununulia. Mradi wetu ulikuwa umempa mafunzo, chupa, hata vibandiko vya kubandika kwenye chupa, na vibandiko vile nilivikuta vimekaa juu ya kabati bila kuguswa hadi baridi ikaisha.

Katika ripoti za wahisani, chakula na kodi huwekwa kwenye fungu la "mahitaji ya msingi", na biashara kwenye fungu la "riziki", kama kwamba ni mifuko miwili. Nyumbani kwa khalto mfuko ni mmoja. Ukipunguza chakula, kinacholiwa ni mtaji. Wengine waliuza cherehani, wengine zana za useremala, na kijana mmoja akauza pikipiki aliyokuwa akipelekea mikate. Kisha mwaka unaofuata mhisani huyo huyo anatoa fedha za kununua cherehani nyingine.

Baridi huko ni kali kiasi gani?

Kwa mtu wa pwani, ni kali kupita maelezo. Mafraq ni jangwa lililoinuka juu, na usiku wa Januari maji yaliyobaki kwenye ndoo huganda. Nyumba nyingi za kupanga zina ukuta mmoja usio na plasta na dirisha lililozibwa kwa nailoni. Familia inalala chumba kimoja kuzunguka jiko la gesi. Ndiyo maana UNHCR hutoa fedha za ziada za majira ya baridi, na ndiyo maana zikichelewa hadi Februari zinakuwa zimekosa kazi yake.

Je, Wasyria wanaruhusiwa kufanya kazi Jordan?

Ndiyo, kwa masharti, na historia yake inafaa kujulikana.

Jordan haikutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Inashirikiana na UNHCR kwa makubaliano ya 1998, na makubaliano hayo hayampi mkimbizi haki ya kazi. Kwa hiyo miaka ya mwanzo Wasyria walifanya vibarua kwa kujificha. Mtu akikamatwa alihofia kupelekwa kambini au kurudishwa Syria.

Februari 2016, kwenye mkutano wa London, Jordan na wahisani walifikia makubaliano makubwa. Jordan iliahidi kuwafungulia Wasyria nafasi za kazi, lengo likiwa vibali 200,000. Wahisani waliahidi ruzuku na mikopo nafuu, na Umoja wa Ulaya ukalegeza masharti ya kuingiza bidhaa za Jordan kwenye soko lake, mradi viwanda viajiri Wasyria kwa kiwango maalum: asilimia 15 ya wafanyakazi mwanzoni, kisha 25. Ada za vibali zikafutwa kwa Wasyria. Mwaka 2021 vilitolewa vibali 62,000, ndiyo idadi ya juu kabisa kwa mwaka mmoja.

Lakini kibali si kazi. Mwanzoni kibali kilimfunga mtu kwa mwajiri mmoja, na wasomaji wenye ndugu Ghuba wanaijua kafala, yaani mfumo huo wa kufungwa kwa mwajiri, bila kuelezwa. Baadaye yakaja mabadiliko mazuri. Wafanyakazi wa mashambani walipewa vibali kupitia vyama vya ushirika, na wa ujenzi kupitia shirikisho la vyama vya wafanyakazi, bila kufungwa kwa tajiri mmoja. Agosti 2017 ofisi ya ajira ilifunguliwa ndani ya Zaatari yenyewe, na mwenye kibali akaweza kutoka kambini kwenda kazini. Kwa maoni yangu vibali hivi visivyofunga mtu ndivyo vilivyosaidia watu wengi zaidi, kuliko hata soko la Ulaya lililopigiwa sana ngoma.

Bado kuna kazi zilizofungwa kwao, miongoni mwake ualimu, udaktari na uhandisi. Nimefanya kazi na mtu aliyefundisha hisabati sekondari Syria kwa miaka kumi na mmoja. Jordan alikuwa akipaka rangi nyumba.

Msamaha wa ada ulimalizika Juni 2024. Tangu hapo kibali kinalipiwa, na michango ya hifadhi ya jamii inadaiwa, hivyo wengi wamerudi kwenye kazi za kujificha.

Kwa nini viwanda vya nguo havikuwachukua, ilhali nafasi zilikuwepo?

Kwa sababu mpango ulipangwa bila kuwauliza watu wenyewe. Viwanda viko kwenye maeneo maalum kama Al-Hassan karibu na Irbid, na wafanyakazi wake wengi ni wanawake kutoka Bangladesh na nchi nyingine za Asia Kusini wanaolala mabwenini na kufanya saa nyingi za ziada. Mama wa Kisyria mwenye watoto watatu hawezi kulala bwenini. Nauli na malipo ya kumwachia mtu mtoto vinamaliza mshahara kabla hajafika nyumbani. Wanaume wa Daraa na Homs ni mafundi ujenzi, wakulima na wapishi, na mstari wa kushona kola si kazi wanayoijua.

Kampuni zilizofanikiwa kuuza Ulaya kwa masharti yale zilikuwa chache sana.

Na mashambani?

Huko ndiko kwenye kazi nyingi na ulinzi mdogo. Nyanya za Bonde la Jordan na mashamba ya Mafraq huvunwa kwa sehemu kubwa na familia za Kisyria, wengine wakiishi kwenye mahema pembeni ya shamba na kuhama kufuata msimu. Kati yao na mwenye shamba yupo shawish. Sisi tungemwita nyapara: anakusanya watu, anawasafirisha kwa pikapu, anapokea fedha na kukata chake kabla ya kuwagawia. Shawish mwema anawakopesha watu wakati wa ugonjwa. Shawish mbaya anawaweka kwenye deni lisiloisha. Mkaguzi akija shambani, hukuta watoto wamekwisha kuondoka.

Wanawake wanapata kipato kwa njia gani?

Kwa sehemu kubwa, nyumbani. Vibali vya kazi vilikwenda kwa wanaume kwa wingi mno. Novemba 2018 serikali iliwaruhusu Wasyria kusajili biashara za nyumbani katika usindikaji wa vyakula, ushonaji na kazi za mikono. Ni hatua ya maana, kwa sababu bila usajili khalto hawezi kuuza chupa zake dukani, anauza kwa majirani tu. Ila usajili una masharti ya jikoni, ya ukaguzi, na mara nyingi ya idhini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akisikia neno biashara anafikiria kupandisha kodi.

Ndani ya kambi kuna pia kazi za zamu za mashirika: kusafisha, kufundisha, kushona, kutengeneza. Malipo ni ya saa, na watu hubadilishana baada ya miezi michache ili kila familia ipate. Haki inatendeka, lakini hakuna anayeweza kupanga mwaka wake juu ya zamu ya miezi mitatu.

Je, hawawanyang'anyi wenyeji kazi?

Wachumi waliolinganisha maeneo yaliyopokea Wasyria wengi na yale yaliyopokea wachache hawakukuta kwamba Wajordan walipoteza ajira kwa sababu ya wakimbizi. Waliobanwa zaidi ni vibarua wageni wengine waliokuwa wakishindania kazi zile zile.

Hata hivyo malalamiko ya watu wa Mafraq si ya uongo. Kodi zilipanda. Shule zikaingia zamu mbili, watoto wa Kijordan asubuhi, wa Kisyria mchana. Maji ya bomba ambayo tayari yalikuwa yakija kwa siku maalum yakawa machache zaidi. Ndiyo maana serikali hudai miradi iwahusishe Wajordan maskini pia, mara nyingi asilimia 30 au zaidi ya walengwa. Naunga mkono sharti hilo. Jirani wa khalto alikuwa mjane wa Kijordan, na katika mafunzo walikaa benchi moja wakigombana kuhusu kiasi cha chumvi.

Wakiugua?

Inategemea mwaka. Hadi Novemba 2014 hospitali za serikali ziliwatibu bure. Kisha wakawekwa kwenye bei ya Mjordan asiye na bima. Februari 2018 bei ikapandishwa hadi asilimia 80 ya ile ya mgeni, na 2019 ikarudishwa chini. Mgonjwa wa kisukari aliyepitia miaka hiyo alijifunza kugawa dozi yake nusu.

Rais Bashar al-Assad wa Syria aliondoka madarakani Desemba 2024. Kwa nini hawarudi wote?

Wengi wamerudi. Kufikia Septemba 2025 UNHCR ilihesabu Wasyria milioni moja waliorejea kwao kutoka nchi mbalimbali, na kutoka Jordan imekuwa ikisaidia kwa mabasi tangu Januari 2025. Waliobaki wana sababu: nyumba ni kifusi, shamba lina mabomu ya kutegwa, mtoto yuko mwaka wa mwisho wa shule. Na wapo wengi wenye deni dukani na kwa mwenye nyumba, ambao hawataki kuondoka usiku kama wezi.

Mwaka huo huo wa 2025 Marekani, mhisani mkubwa kuliko wote, ilisimamisha na kufuta sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika Jordan yakafunga huduma. Mtu akirudi kwao kwa sababu amekatiwa chakula, huko si kurudi kwa hiari. Anayerudi akiwa na cherehani yake na akiba ya miezi mitatu ana nafasi ya kusimama.

Hali hii inafanana na ya kwetu?

Kwa mambo mengi. Kenya, kambi ya Kakuma ilianza Bamba Chakula mwaka 2015, fedha za chakula kwa simu, na wafanyabiashara wa kambini wakachangamka kama wa Sham Élysées. Tanzania, kambi ya Nyarugusu ilianza kutoa fedha taslimu mwishoni mwa 2016, na serikali ikasitisha Agosti 2017. Uganda inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi kwa sheria ya 2006, na kipande cha ardhi katika makazi yake. Kwa hiyo msomaji wa Kigoma au Turkana ana macho ya kuelewa Mafraq kuliko mtu wa Ulaya.

Hata lugha inasaidia. Wiki yangu ya kwanza sikuwa na Kiarabu cha maana, lakini watu walipozungumza shida zao nilidaka maneno: rizq, dain, dukkan. Riziki, deni, duka.

Mimi niko Afrika Mashariki. Naweza kusaidiaje?

Toa fedha kwa shirika linalojulikana, tena ukiweza kidogo kidogo kila mwezi badala ya nyingi mara moja, kwa sababu kodi inalipwa kila mwezi. Kwa Waislamu, UNHCR ina mfuko wa zaka tangu 2019, na fedha zake hufikishwa kwa familia zenye sifa, zikiwemo za Jordan. Usimtumie fedha mtu aliyekuandikia mtandaoni akidai yuko Zaatari, hata akikutumia picha za watoto.

Kama una ndugu anayefanya kazi za nyumbani Amman, na wako Wakenya na Waganda wengi, mwambie anunue mboga na achar kwa akina mama wa mtaani wanaouza nyumbani.

Na nguo? Tuna mabegi ya nguo nzuri tu.

Usitume. Wapeni walio karibu nanyi. Mtungi wa gesi wa kupasha joto chumba kimoja Mafraq uligharimu dinari 7, kama dola 10, na kusafirisha begi moja kutoka Mombasa ni zaidi ya hapo.